Tumbo Lililopandisha Mahari

Nakumbuka siku moja, mjukuu wangu, wazee wa Bilele walipopanda kwetu Kamachumu kuniposa. Hedhi nayo ikaona hiyo ndiyo siku ya kupokea wageni. Kila mwezi ilinilaza chini, na shangazi yangu, bingwa wa yote ambayo hakuyasomea, alikuwa na dawa moja tu: "Olewa, uzae, yataisha." Ndiyo maana posa ile ilikuwa na haraka.

Nikajikunja chumbani, nyuma ya pazia, nimeuma kanga. Sebuleni mshenga akaahidi mitungi ya rubisi, pombe yetu ya ndizi. Tumbo likanikata. "Maawe!" nikalia, yaani mama wee.

Mshenga akadhani nakataa, akaongeza mtungi. Nikalia tena, akaongeza mbuzi. Baba, aliyeanza kwa kuona aibu, sasa kila ahadi ikitolewa anatega sikio upande wangu. Mungu amrehemu, alikuwa muuza kahawa. Ningelia hadi jioni tungepata ng'ombe.

Aliyeharibu biashara ni mama mkwe wangu mtarajiwa. Alinyanyuka, akafunua pazia, akanikuta sakafuni natiririka jasho.

"Tangu lini, mwanangu?"

"Tangu nivunje ungo, mama."

Akawageukia wanaume. "Acheni mbuzi wenu. Mtoto anaumwa, na ndoa si kidonge."

Nikaangua kilio cha furaha, maana hakuna aliyewahi kuniamini. Mshenga, maskini, akaongeza mtungi mwingine.

Harusi ikasubiri, mama yule akanipeleka hospitali mjini Bukoba. Hatimaye daktari akautaja ugonjwa: endometriosis. Tishu zinazofanana na utando wa ndani ya mji wa mimba huota nje yake na kuleta maumivu. Usichanani nilipewa dawa za maumivu na vidonge vya homoni. Nilipotaka mtoto nikaviacha, nikafanyiwa upasuaji, nikampata mama yako, ingawa si wote hubahatika. Hedhi ilipokoma maumivu yakapungua. Wapo ambao maumivu huwafuata hadi uzeeni. Shangazi alikwenda kaburini akidai ni ndoa iliyoniponya.

Mjukuu wangu, mficha uchi hazai. Hedhi inayokulaza chini na kukukosesha shule si ya kuvumilia. Sema, nenda kwa daktari, na asipokusikiliza tafuta mwingine. Ndoa haiponyi ugonjwa huu, uzazi hauponyi, lakini kila umri una matibabu yake.

Mungu akupe mwili wenye amani. Na siku utakaposema unaumwa, akupe mtu wa kukuamini mara ya kwanza.