Mama Alingoja Tamthilia Iishe

Televisheni yetu ilikuwa ndogo kiasi kwamba waigizaji wanene walitokea nusu nusu, lakini kila jioni ukishalia ule muziki wa kuanzia tamthilia, uani kwetu Majengo kulijaa watu kuliko bungeni. Wapangaji wote walikuja na vigoda vyao. Muuza chapati alikuja na beseni la unga akakandia palepale. Mama alikaa mbele, rimoti mapajani kama rungu la hakimu, na ole wake aliyekohoa.

Tamthilia yenyewe ilitoka ng'ambo na kuingizwa sauti za Kiswahili, Kiswahili cha watu wanaosema "moyo wangu unavuja" hata wakiomba chumvi. Ilimhusu nesi mmoja mweusi na kijana wa familia tajiri, watu wa rangi nyingine, waliokaa kwenye jumba lenye ngazi ndefu. Mama wa kijana alizishuka zile ngazi kila siku ili amtukane yule nesi, akimaliza anapanda tena. Maishani mwangu sijaona mtu mwenye magoti imara namna ile.

Mimi sehemu nyingi sikuziona kwa macho. Mchana niliuza nafaka sokoni, jioni nilikuwa shule ya jioni nikikitafuta kidato cha nne ukubwani, nikiwa na wanafunzi wenzangu wenye wajukuu. Nikirudi nasimuliwa. Na wasimulizi wa uani kwetu mnawajua: kofi moja la kwenye televisheni lilinifikia likiwa vita kamili, na majeruhi juu.

Lakini mapenzi ya namna hiyo hatukuhitaji kuyafuata ng'ambo. Tulikuwa nayo nyumbani.

Dada yangu aliendesha mashine ya kusaga, mtaa wa pili kutoka kwetu. Mashine ya kusaga ina mkanda, na mkanda hukatika, na mikanda iliuzwa mjini kwenye duka la spea la familia moja yenye asili ya India. Mkanda wa kwanza kijana wa duka alimuuzia dada kama anavyouziwa mteja yeyote. Wa pili aliuleta mwenyewe kwa pikipiki. Wa tatu akaufunga kwa mikono yake. Kuanzia hapo nadhani mikanda ilikuwa inakatika kwa adabu tu, kuwapa watu nafasi.

Alikuwa mtu wa Dodoma kuliko sisi. Babu yake alizaliwa hapa, wakati sisi tumehamia juzi kutoka Chemba. Alilalamikia vumbi kama sisi, aliswali kama sisi. Wateja wake wengi walikuwa watu wa kwetu, wenye lugha ile ya vidoko, ya kugongesha ulimi kwenye kaakaa, wanaokuja kutafuta minyororo ya baiskeli, na kwao akajifunza salamu. Siku ya kwanza alipokuja nyumbani alimsalimia mama kwa lugha yetu, kidoko akakipiga mahali pasipo pake. Mama alicheka mpaka akashika ukuta.

"Mwanangu, hapo umemsalimia mbuzi!"

"Basi shikamoo mama, na mbuzi naye shikamoo yake."

"Marahaba. Kaa, ule."

Akakaa, akala ugali na mlenda, vidole vyote vikashuhudia. Kwa hiyo asije mtu kusema mama alimchukia. Mama alimpenda. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Kule mashineni nako watu walishawazoea. Dada alijaa unga kuanzia nyusi hadi kandambili, kijana amejaa grisi mpaka viwiko, na akina mama waliopanga foleni na ndoo zao za mahindi hawakukosa la kusema.

"Jamani, hapa Mhindi ni yupi?"

"Si huyo mweupe!" Wanamwonyesha dada.

"Mimi Mgogo," kijana anainua mikono yake myeusi. "Mniache na Ugogo wangu."

"Mgogo gani hajui kucheza ngoma?"

"Nifungulieni mkanda huu kwanza, mtaona."

Mambo yakaenda yanavyokwenda. Ukafika wakati wa mshenga. Wao walimchagua dalali mmoja wa mahindi kutoka Kibaigwa, mzee aliyezoeana na baba yake kijana kwa miaka mingi, mtu ambaye angeweza kumuuzia mkulima mahindi yake mwenyewe. Baba yetu alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, na mjomba wetu kule Chemba alisema kwenye simu, "Neno ni la mama yao. Akisema ndiyo, mimi nakuja na kanzu." Mshenga alikuja siku ya Ijumaa baada ya swala, akakaa kwenye kiti chetu kisichoyumba, akalisema lake vizuri sana. Mama akamjibu kama inavyopasa: tumesikia, tumeshukuru, tupeni nafasi, tutawaiteni.

Kwetu hakuna anayejibu siku hiyohiyo; ungeonekana una haraka ya kumtoa mtoto. Unakaa wiki, wiki mbili, jirani waseme, halafu unaita. Mshenga naye harudi bila kuitwa. Akirudi bila kuitwa anakuwa anasukuma, na binti hasukumwi. Kila mtu anajua hivyo.

Wiki mbili zikapita. Dada akanituma nimuulize mama, maana yeye mwenyewe hawezi kuulizia posa yake. Nilimkuta mama anatwanga karanga.

"Mama, mshenga wa watu tunamwita lini?"

"Nangoja kidogo."

"Unangoja nini?"

Akaacha mchi ndani ya kinu. "Nataka nione yule mama wa kwenye ngazi atamfanya nini yule nesi."

Nilidhani anatania. Mama yangu anatania sana. Utani wote nilionao nimeurithi kwake. Lakini hakucheka.

"Wewe unacheka nini? Niambie, nimuulize nani? Wewe ukitaka kuolewa na Mrangi nakwenda kwa fulani, nakwenda kwa fulani, nauliza, akina mama mkwe wa huko wakoje, mtoto akiugua mnapeleka kwa nani, msibani mnakaa wapi. Sasa huku nimuulize nani? Watoto chotara nimewaona mjini hapa tangu nilipokuja. Harusi ya mama zao ndiyo sijaiona. Hata moja! Pa kuchungulia ni hapo tu." Akaonyesha ukutani ilipokaa televisheni, imefunikwa kitambaa chake cha kufuma.

La kumjibu nimelitafuta tangu siku hiyo. Maana alisema kweli. Nikikumbuka picha zote nilizowahi kuziangalia, kuanzia vibanda vya video tulipokaa kwenye mbao huku mtafsiri akipiga kelele juu ya maneno ya wenyewe, ni nini tulichoonyeshwa? Mweusi na mweupe wakipendana, mmoja lazima afe kabla picha haijaisha, na mara nyingi ni yule anayefanana na sisi. Tukiwa na bahati alikufa mvuani, na mtafsiri anatulilia kwa Kiswahili. Kwenye picha za kwetu wenyewe Mzungu alikuja kama zawadi ya bahati nasibu, na gari lake, na mwenye kumpata anaringa mtaani. Mhindi yeye alisimama nyuma ya kaunta. Aliwekwa hapo achekeshe kwa lafudhi ambayo kijana wetu hakuwa nayo hata chembe. Hakuwahi kutoka nyuma ya ile kaunta kwenda kumsalimia mama wa mtu. Hakuna picha iliyotuonyesha mume na mke wa rangi mbili wakigombana kwa sababu mmoja amesahau kununua vitunguu. Ndicho mama alichokuwa anakitafuta: vitunguu. Akapewa ngazi.

Basi tukangoja. Dada ambaye hakuwahi kuijali televisheni akawa wa kwanza kukaa uani. Akafunga mashine mapema. Nilimwona siku moja amefumba macho, midomo inachezacheza, nikadhani anasoma dua ya wazazi. Kumbe anamwombea nesi. Mama wa kwenye ngazi alimsingizia nesi wizi. Nesi akafukuzwa kazi. Kila tusi lililotoka kule ndani, mama alimgeukia dada akamtazama, halafu akarudi kwenye kioo, na mimi nikaona posa inasogea nyuma hatua moja. Siku nesi, ameshapata kazi hospitali nyingine, alipofichiwa dawa ili mgonjwa afe mikononi mwake, muuza chapati alisema, "Shoga, huyo ndiye mkweo," na dada akaondoka uani bila kumaliza.

Halafu tamthilia ikafika mwisho, tukakaa wote hatupumui, na kwenye kioo yakatokea maneno kwamba itaendelea msimu wa pili. Nusura mama aitupie televisheni rimoti.

Kijana alikuja mashineni wakati huo. Nilikuwepo, nimepeleka ulezi. Hakukuwa na mkanda uliokatika.

"Mama amesemaje?" akamuuliza dada.

"Bado."

"Bado nini?"

Dada akapangusa unga usoni, akaupaka upya. "Wazee wana mambo yao. Ngoja."

"Nangoja. Ila kama hamtaki, semeni tu. Sitagomba."

"Nani kasema hatutaki?"

"Nani kasema mnataka?"

Alipoondoka nilimwambia dada, mweleze basi ukweli. Akanitazama kama nimemtukana. "Nimwambie nini? Mama yangu anangoja nesi aolewe? Mtu huyu amekaa kwetu, amekula kwetu. Nimwambie tunamtafuta kwenye televisheni?"

Na kweli, ungeanzaje.

Msimu wa pili ulichukua muda mrefu kuja, na ulipokuja ulijivuta kama mkokoteni wenye ng'ombe mmoja. Tulisikia kwamba kijana amekwenda Mwanza kumsaidia kaka yake kufungua duka. Mama alisema vizuri, mwanamume atafute. Hakuona kitu hapo. Yeye jicho lake lilikuwa kwa nesi.

Siku ya sehemu ya mwisho hata mimi nilitoroka darasani. Ilikuwa hisabati, na hisabati haijawahi kunikumbuka. Zikiwa zimebaki dakika chache, yule mama wa kwenye ngazi alishuka, taratibu, akasimama mbele ya nesi, akamvua shela usoni akambusu paji la uso. Wakaoana. Muziki ukapigwa, majina yakapita, kwisha. Yaani walioana kwa muda mfupi kuliko wa kukaanga yai, baada ya matusi ya miaka. Lakini uani kwetu palilipuka vigelegele. Mama alisimama, machozi yanamtiririka, akapiga makofi mpaka kilemba kikaanguka.

"Kumbe anaweza kuolewa!" alisema. "Kumbe wanampokea! Nipigieni mshenga. Sasa hivi. Mwambieni aje, mwambieni nimekubali."

Nilimpigia mimi mwenyewe, simu nikaiweka sauti ya juu ili wote wasikie. Dada alikaa kimya kwenye kigoda chake, mikono imeshikana, anacheka peke yake.

"Shikamoo mzee. Mama anakuita."

"Marahaba, mwanangu. Ananiita kwa lipi?"

"Kwa lile la kijana wako."

Nyuma yake nikasikia wapakiaji wa mahindi wanaitana kwenye malori. "Mwanangu," akasema, "kimya chenu si tulikipokea kama jibu? Tukasema hawa watu wastaarabu, wamekataa bila kumvunjia mtu heshima. Kijana ameshaoa. Mwanza hukohuko. Mwezi uliopita walikwenda wazazi wake. Hamkusikia?"

Mama alichukua simu mkononi mwangu kana kwamba kosa liko kwenye simu. Wapangaji waliokota vigoda vyao mmoja mmoja. Muuza chapati akafunika beseni lake, unga umekandwa nusu.

Baada ya muda mrefu mimi ndiye niliyekwenda lile duka, maana dada aliacha kwenda na mashine inahitaji mkanda. Nilimkuta mama yake kijana amekaa kwenye kiti cha plastiki, miwani puani, anamhesabia fundi baiskeli gololi za gurudumu. Nikamwamkia. Alinijua papo hapo.

"Dada yako hajambo?"

"Hajambo, mama."

Alimaliza na fundi, akasubiri atoke. "Nikuulize kitu, usikasirike. Sisi tuliwakosea nini? Mimi nilikuwa nimeshaandaa chumba."

Sikuwa na namna nyingine, nikamwambia. Nikamwambia yote, tamthilia na nesi na ngazi. Alianza kucheka, akavua miwani, akacheka mpaka nami nikacheka. Halafu akaacha ghafla.

"Na mimi nilikuwa naiangalia," akasema. "Kila jioni. Yule mama nilimchukia! Nilikuwa nasema humu ndani, hawa watu wa Majengo wanaiangalia hii, watadhani mimi ndiye yule. Ndiyo maana wamenyamaza. Mwanangu alitaka tumtume mshenga tena, nikamwambia hapana. Nikisukuma, nitafanana naye kabisa."

Akanifungia mkanda kwenye gazeti.

Jioni ile niliwasimulia nyumbani, na safari hii sikuongeza chumvi hata punje. Dada na mama walikuwa wanachagua kunde, kila mtu na ungo wake. Dada aliuliza jambo moja tu.

"Na yeye alimchukia yule mama?"

"Alimchukia."

"Basi tungepatana, mimi na yeye."

Mama aliinamia kunde zake, akachagua, akachagua. Mwisho akasema kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo, "Ungekwenda siku moja ukamsalimie. Ni mtu mzima, na hana ubaya."

Dada akapeta ungo mara moja, makapi yakaruka.

"Nikamsalimie kama nani, mama?"