Jani la Sehemu ya Nane

Sehemu ya nane niliipa alama mbili kati ya kumi, na hizo mbili nilizitoa kwa ajili ya mvua. Mvua ilichorwa vizuri mno. Mengine yote niliyaponda.

Mchana mimi ni mwonjaji wa kahawa. Ndiyo kazi inayonilisha hapa Moshi: navuta kijiko kimoja kwa kelele, natema, naandika alama, nahamia kikombe kinachofuata. Jioni nikirudi nyumbani Shirimatunda natazama anime, zile katuni za Kijapani, na kuziandikia uchambuzi kwenye ukurasa wangu, na huko nako navuta, natema, natoa alama. Wasomaji wangu si wengi, lakini wanapenda ukali, nami nimewadekeza.

Mwaka huu tulikuwa tunafuatilia mfululizo mmoja wa mizimu, mweusi kweli kweli, wenye vivuli vya meno na nyumba zinazomeza wapangaji wake. Sehemu saba za kwanza zilinitoa jasho. Ikaja ya nane, na ndani yake haliwi mtu. Binti anayeishi peke yake anafungua pazia asubuhi na kumwona marehemu fulani amesimama mlangoni kwake, kwenye mvua, ameshika tawi la majani marefu kwa mikono miwili. Habishi hodi. Hasemi neno. Binti anamwaga chumvi kizingitini, anabandika makaratasi ya kinga, anapiga mayowe, na yule mzimu amesimama tu. Mwishoni binti anafungua mlango kidogo, anampokonya tawi na kulichoma kwenye sinki la jikoni. Picha ya mwisho ni ya mzimu huyo akiwa bado palepale, mikono mitupu ameinyoosha mbele.

Niliandika kwamba watengenezaji wameishiwa. Niliuliza mzimu gani huo unaosimama dakika kumi na moja bila hata kugonga mlango. Kisha, kwa kuwa nilikuwa na hasira na nataka watu wacheke, nikaongeza kisa changu mwenyewe.

Wiki ile ile, asubuhi moja ya masika, nilikuta jani refu la kijani limefungwa fundo na kutundikwa kwenye chuma cha geti langu. Lilikuwa isale. Nani aliyezaliwa mlimani asilijue isale? Ndio mmea tunaouzungushia vihamba vyetu, yale mashamba ya nyumbani, na ndio tunaoupanda kwenye makaburi. Lakini mimi nimekulia mjini, na lile fundo sikuwahi kuliona. Kwa kichwa kilichojaa vivuli vya meno nikaona jambo moja tu, kwamba kuna mtu amenitupia uchawi. Sikuligusa kwa mkono. Nililiangusha kwa fimbo ya fagio, nikalimwagia mafuta ya taa, nikalipiga kiberiti. Yote hayo nikayaandika kwenye uchambuzi, nikamalizia kwamba wabaya wangu wajipange vizuri zaidi. Watu walicheka sana. Kwa wiki nzima nilitembea kifua mbele.

Jumapili ya tatu baada ya hapo nilipanda Uru kumsalimia bibi yangu, mama yake mama. Nilimkuta ametoka misa ya kwanza, ameketi barazani anamenya ndizi za supu ya mtori.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Kaa hapo, unizibie jua."

Nilikaa. Sehemu ya mwisho ya mfululizo ilikuwa inatoka wiki hiyo, na nilitaka kujikumbusha zile za nyuma, basi nikafungua kompyuta yangu ndogo magotini. Bibi hajui Kijapani, wala Kiingereza kinachopita chini ya picha hakimhusu. Alitazama kwa pembeni huku kisu kikiendelea na ndizi. Kwenye sehemu ya sita, pale nyumba inapomtafuna mwenye nyumba, alisema tu kwamba hao watu hawana adabu. Tulipofika ya nane, kisu kilisimama.

Alitazama muda mrefu. Kisha akauliza, "Mbona anamfukuza mtu mwenye isale?"

Nikacheka. "Bibi, hao ni Wajapani. Hawana isale hao."

"Sijasema wanalo. Nasema huyu amelishika." Akaelekeza ncha ya kisu kwenye kioo. "Angalia hiyo mikono. Mtu anayekuja kukudhuru hashiki kitu kwa mikono miwili. Huyu alimkosea huyo binti alipokuwa hai. Amekuja kuomba msamaha, na mtoto hajafundishwa."

Nilitaka kumbishia. Badala yake nilirudisha picha nyuma, nikaitazama mikono.

Sijui nilieleze vipi lile nililoliona. Nilirudi hadi sehemu ya kwanza, nikapitia ya pili, ya tatu, zote, na bibi akawa ananisubiri kwa uvumilivu. Katika sehemu saba hakuna kiumbe hata kimoja cha giza kilichochorwa mikono. Iko ndani ya vivuli, ndani ya mashati, nyuma ya milango. Ya nane ndiyo ya kwanza. Na ilichorwa kila mstari wa kiganja, kila kucha, na vidole vinatetemeka, kidogo sana, dakika zote kumi na moja. Mtu fulani upande wa pili wa dunia alikaa mezani akachora mtetemeko huo picha kwa picha, mamia ya picha, akijua wengi wetu tutakuwa tunatazama mlango tukingoja meno. Mwili ulinisisimka pale barazani, juani, saa nne asubuhi. Bibi yangu aliyejifunza kusoma kwa katekisimu aliona mara moja kitu ambacho mimi, mtoa alama, nilikitema.

Halafu mshangao ule ukanigeukia, nikalikumbuka geti langu.

"Bibi," nikasema, "isale likifungwa fundo, likatundikwa kwenye geti la mtu?"

"Haliachwi getini. Linapelekwa mkononi, umtazame mtu usoni. Ukiletewa hivyo huwezi kukataa, hata kama aliyelileta alikumwagia damu." Alichukua ndizi nyingine. "Lakini watu wa siku hizi wana aibu. Dada yako alikuja hapa siku za mvua, akakata moja pale mpakani. Hakusema la nani. Na mimi sikumuuliza."

Tuko wawili tu kwa mama yetu. Siku ya mazishi ya mama, mbele ya watu walioshika sahani za chakula, dada alisema kwa sauti kwamba mama alikata roho akiniita, nami niko chumba cha pili, masikio nimeyaziba kwa vipokea sauti nasikiliza katuni. Ilikuwa kweli. Ndiyo maana nilimjibu vibaya kama nilivyomjibu, maneno ambayo hata leo siwezi kuyaandika. Miaka miwili hatukusemezana. Ikiwa angenitafuta, nilijiambia, ningemsamehe. Na alinitafuta. Aliliacha jani lake getini kwangu, na mimi nikalichoma, nikawaita watu waje wacheke. Dada anausoma ukurasa wangu. Nilijua anausoma, maana kila ninapoandika, jina lake huonekana miongoni mwa waliofungua, bila neno.

Nililia mbele ya bibi bila kujificha. Hakunibembeleza. Aliweka beseni la ndizi chini, akainuka kwa kushikilia ukuta, akatembea hadi mpakani na kisu kilekile chenye utomvu. Alichagua jani, akalikata, akalifunga fundo, akanipa.

"Usilitie kwenye begi," alisema. "Ulishike. Watu wakuone nalo."

Kutoka Uru hadi Sanya Juu, ambako dada yangu anauza mbegu na dawa za mimea, ni safari ya kushuka mlima na kuuzunguka. Njia nzima nililishika jani lile mkononi. Sikutegemea kitu, lakini nilishangaa. Vijana hawakuliona. Wazee waliliona wote. Mzee mmoja tusiyejuana alivua kofia. Mama mmoja aliyekuwa anabishana na kondakta alinitazama mkononi, akanyamaza, akasogea nipite. Nimeishi miaka yote hii chini ya mlima huu nikidhani maajabu yanatengenezwa Japani.

Nilifika kwa dada alasiri. Duka lilikuwa limefungwa, na nyumba yake iko nyuma ya duka. Mlango wa mbao, pazia la maua, viatu vya mpira vimegeuzwa vikauke. Nikapanda ngazi mbili za saruji, nikasimama. Nikainua mkono nibishe hodi, mkono ukarudi kwenye jani.

Nilijaribu tena, haukwenda. Ndani nilisikia redio, na sufuria inawekwa chini. Ningeweza kuita. Maneno yote niliyokuwa nayapanga tangu Uru yaliniishia pale, na nilichobaki nacho ni kusimama, jani mbele yangu. Hapo ndipo nilipokielewa kile nilichokiuliza kwa kejeli mbele ya wasomaji wangu. Mzimu hagongi kwa sababu hana haki ya kugonga. Anachoweza ni kuonekana.

Sijui ilipita robo saa au zaidi. Pazia lilisogea. Mlango ukafunguka kidogo, kisha wote. Dada yangu alikuwa amenenepa kidogo, na ana mvi mbele, mahali pale pale mama alipoanzia.

Aliangalia jani. Akaniangalia mimi.

"Nilisoma," alisema. "Ulilimwagia mafuta ya taa."

"Nililimwagia."

"Nikasema basi, ndiyo jibu lake."

"Sikujua, dada. Sikulijua fundo."

 Redio ndani ilikuwa inasoma matangazo ya vifo. Nilitazama miguu yake, sikuweza juu zaidi, ingawa bibi aliniambia nimtazame usoni.

"Umesimama hapo tangu saa ngapi?"

"Sijui."

Alifuta mikono kwenye kanga, taratibu, kidole kwa kidole. Kisha akaileta yote miwili na kulipokea jani, na vidole vyake vilikuwa vinatetemeka kuliko vyangu.