Harusi Iliyokwama Kwenye Kioo

Harusi ya mdogo wangu ilikwama dakika ya pili. Bi harusi alikuwa ameinua mguu ili ashuke garini, mguu ukabaki hewani, huku kwaya ikiendelea kuimba kana kwamba haimhitaji. Kisha picha ikaruka, tukamkuta tayari yuko mlangoni mwa kanisa. Mama akageuka akaniangalia.

"Sasa ametembea saa ngapi? Mi sijamuona."

Mimi nikishindwa na kitu hukasirika. Nilizima kila kitu nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Mdogo wangu alivuka ziwa wakati wa vita, akakaa kambini ng'ambo miaka mingi, na kutoka huko akapelekwa Amerika. Huko ndiko alikoolewa. Mama hakupata karatasi za kusafiri. Harusi ya binti yake aliiona kwenye simu yangu tu, na kwa jinsi macho yake yalivyofifia, kwenye simu aliona vivuli vinavyocheza. Mashangazi zangu, dada za marehemu baba, walilisema jambo hilo uwanjani kwa kanisa hapa mjini Baraka, kwa sauti ya kusikika: "Ule mutoto aliolewa sawa yatima." Kama yatima, na mama yake yu hai. Mama alirudi nyumbani, akalala mchana, jambo ambalo halifanyi hata akiumwa.

Basi flashi ilipofika, imeletwa na msafiri, ikiwa na harusi nzima kwa zile picha safi za kisasa ambazo unaweza kuhesabu shanga shingoni mwa mtu, Mama aliamua. Mashangazi wote wangealikwa sebuleni kwake, Jumapili baada ya ibada, wakae, waone. Televisheni kubwa tulikuwa nayo. Kilichotuangusha ni kompyuta yangu.

Kaka yangu mkubwa alikuwa na dawa yake. "Tuite ule bwana wa video ya mpira, alete masini yake. Hii yako iko ya musée."

Nilimwambia harusi ya mdogo wetu haitaonyeshwa kwa mashine ya kibanda cha kelele za mpira, na kwamba kompyuta hii nimeilea mwenyewe. Ni kweli. Ninaendesha kibanda cha kuchapa na kutoa kopi za barua, na mashine hiyo niliipata kwenye ofisi moja iliyofunga milango. Niliipeleka nyumbani, nikaiunganisha na televisheni, ikawa sinema ya familia. Miaka yote imetuonyesha mahubiri, kwaya na filamu, bila kinyongo. Kuambiwa ni ya makumbusho, hapana.

Tena kosa halikuwa uzee mtupu. Video za siku hizi hukunjwa sana ili zienee kwenye flashi, na kompyuta inapaswa kuzikunjua mbio mbio huku inazionyesha. Yangu ilijua kukunjua zile za zamani. Hizi zilikuwa zinaijia kwa marundo, nayo ikawa inatupa nyingine chini ili ifike. Ndiyo maana bi harusi aliruka hatua zake zote.

Nilimwagiza mfanyabiashara mmoja wa Uvira anitumie karte grafiki, kadi ndogo ambayo kazi yake ni kukunjua picha hizo na kuiachia kompyuta mambo mengine. Nilimsisitizia iwe ya kunywa umeme kidogo, maana nyumba yetu inaishi kwa paneli za jua na betri mbili. Aliongeza kumbukumbu na diski mpya isiyozunguka. Dereva aliyevileta alivipakata magotini mashimo yote ya barabara, hata pale Mboko abiria walipokuwa wakipandisha mihogo mpaka miguuni pake. Aliponikabidhi alisema, "Mama, kama imekufa, si miye."

Haikufa. Niliifungua kompyuta mezani, nikaisugua vumbi kwa brashi ya rangi, nikafuta ile dawa ya kijivu ya kupozea iliyokauka juu ya ubongo wake na kupaka mpya. Kadi ilikataa kuingia, nikaibadilishia bati lake la kando kwa lile fupi lililokuja nayo, ikaingia. Diski mpya nikaijaza mfumo upya. Mwisho nikaenda kwenye mipangilio ya programu ya video na kuiamuru iachie kadi kazi. Ilinichukua siku nne, na siku zote hizo Mama alikuwa amekaa mlangoni na sindano yake ya kufuma, akiniangalia bila kuuliza.

Jumamosi asubuhi nikaweka flashi. Gari likafika. Mguu ukainuka, ukashuka, ukakanyaga chini. Nilipiga kelele mpaka jirani akachungulia. Niliicheza ile kwaya peke yangu sebuleni, na nilijiona fundi kuliko mafundi wote wa ziwa hili, wa kike na wa kiume. Mama alikataa kuangalia. "Nitaona na bawifi zangu," alisema.

Jumapili mashangazi walikuja na vitenge vyao vya sikukuu, wakajaza viti. Kaka yangu alisimama karibu na mlango, kama mtu anayesubiri kuitwa aende kumleta bwana wa mpira. Picha ikaanza. Mguu ukashuka, wakasema "Eeeh!" kwa pamoja. Mimi sikuangalia harusi, niliangalia nyuso zao. Bi harusi alianza kutembea katikati ya kanisa, taratibu, na wao wakamfuata kwa macho. Hapo ndipo picha ikaanza kukatika vipande vipande, sauti ikatangulia, mdogo wangu akabaki nyuma.

"Iko nakwama," shangazi mkubwa alisema, na nilisikia raha ndani ya sauti yake.

Nilitoka uani nikampigia yule wa Uvira. Niliyomwambia siwezi kuyaandika hapa, mimi ni mshirika wa kanisa. Nilimwita mwizi, nikamwambia kadi yake ameiokota. Aliningoja nimalize.

"Mama," akasema, "uiguse ile masini. Iko moto?"

Nilirudi ndani nimevimba, nikapeleka mkono kando ya televisheni, na mkono wangu ukakutana na uzi. Kompyuta ilikuwa imevishwa kitambaa. Kipya, cheupe, cha kufuma kwa mkono, chenye maua ya manjano pembeni, kimekunjwa mara mbili na kufunika matundu yote ya hewa, na juu yake chupa ya maua ya plastiki. Ndani ilikuwa moto wa kuunguza, na mashine yenye joto hivyo hupunguza mwendo.

Nilikuwa nimekaa mbele yake muda wote ule na sikukiona. Nyumbani kwetu kila kitu cha heshima kina kitambaa chake: redio, televisheni, kiti cha mgeni, Biblia. Mashine iliyo uchi ndiyo ambayo ningeiona. Na hizo siku nne, Mama alikuwa akifuma hicho.

Maneno yalikuwa yameshafika ulimini: "Mama, umeinyima hewa!" Kaka yangu alikuwa ananiangalia. Mashangazi walikuwa wananiangalia. Mama alikuwa ananyoosha mkono kuweka sawa ncha ya kitambaa iliyokunjamana, kwa fahari, na hasira yangu yote ikaniishia. Niliona aibu kuliko nilivyowahi kuona.

Niliondoa maua. Nikakikunjua kitambaa, nikakikung'uta, nikamwekea Mama mabegani.

"Bashangazi," nikasema, "mama ya bibi harusi amekaa bila kupambwa, na sisi tunapamba masini?"

Wakacheka, mmoja akapiga vigelegele, wengine wakamfuata. Nilisema tunywe chai kwanza. Kompyuta ikapoa, nikaielekeza dirishani na ubavu wake wazi. Nilituma ujumbe Uvira wa kuomba radhi, mrefu.

Tulipoendelea, hakuna kilichokwama tena. Mdogo wangu alitembea hatua zake zote hadi mbele. Jasho juu ya mdomo wake lilionekana, na Mama akasema amekonda. Mchungaji, Mkongomani mwenzetu wa huko, akafungua kitabu, akainua macho na kuuliza, "Nani anamutoa huyu binti?"

Kanisani kule watu wakageuka kutafuta wa kujibu. Sebuleni kwetu Mama akasimama.

"Ni miye," alisema. "Miye mama yake. Namutoa na moyo yangu yote."

Kwenye kioo mzee fulani aliyeishi na mdogo wangu kambini alisimama naye akajibu, lakini kwetu hakuna aliyemsikia. Nilikuwa nimeshika kipanya, tayari kuisimamisha picha ili Mama apate muda. Nikaiacha iende. Mama alibaki amesimama mpaka pete zikavishwa, na hakuna shangazi aliyemwambia akae.