Sinema ya Mlango Iliyonishinda Kueleza

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa bomba la bati. Lilikuwa jembamba upande wa mdomo na pana upande wa pili, la kusemea ili sauti ifike nyuma ya ukumbi. Aliyenipa ni Bwana Ustawi, ndivyo tulivyomwita mzungu aliyesimamia burudani na mafunzo ya Waafrika mjini Nakuru. Alinitazama toka kichwani hadi miguuni, miguu ambayo haikuwa na viatu, akasema kwa Kiswahili chake cha shambani:

"Kazi yako moja tu. Watu hapana toka hapa na maswali."

Nikasema ndiyo, Bwana. Nilikuwa kijana wa kutoka Bahati, nje kidogo ya mji, mtoto wa kibarua wa shamba la mzungu, na nilikuwa nimemuoa Rahel majuzi tu. Kazi ile ilikuja na chumba kwenye landi, zile nyumba za safu walizojengewa wafanyakazi, na bati lake halikuvuja. Kwa ajili ya chumba kile ningesema ndiyo kwa lolote.

Ninyi mnaotazama sinema kwenye simu hamwezi kujua mfasiri wa sinema alikuwa mtu gani. Filamu zilikuja kwa treni kutoka Nairobi ndani ya mikebe ya duara, na kila mkebe ulikuwa na rili yake, yaani utepe wa picha uliozungushwa kwenye gurudumu. Nyingine zilisema Kiingereza, nyingine hazikusema kitu. Mashine ya kurusha picha, projekta, ilikuwa mikononi mwa Salim, mtu wa mtaa wa Bondeni ambaye babu yake alitoka pwani. Salim alikuwa na kofia safi kila siku na maneno machache mno. Yeye alirusha picha, nami nilisimama kando ya shuka jeupe na bomba langu, nikawaambia watu wanaona nini na wajifunze nini. "Huyu amechimba choo, tazameni watoto wake walivyonenepa. Huyu naye hakuchimba. Haya, jioneeni wenyewe."

Tulionyesha Jumapili alasiri, kwa kuwa miaka ile ya hali ya hatari mtu hakuachwa kutembea usiku. Ili ukumbi upate giza, watu wa landi walileta blanketi za kufunika madirisha, na aliyeleta blanketi ndiye aliyekaa mbele. Ukimwona mama ameketi safu ya kwanza na kujivuna, ujue blanketi lake ni zito.

Maana ya filamu haikutoka kichwani mwangu. Kila Jumamosi Bwana Ustawi aliitazama pamoja nami, akaniambia inafundisha nini, nami nikakariri. Baadaye nilipelekwa kwenye mashamba ya Bahati, ambako mwenye shamba mmoja alitaka kila filamu ifundishe kuamka mapema, hata ile ya samaki. Kisha nikapelekwa kambi ya askari kule Lanet, ambako Sajini Meja hakupenda mtu acheke kabla yake. Niliporudishwa mjini nilikuwa nimeiva, na kiburi hakikunipungukia. Nilijiona hakuna picha inayoweza kunishinda.

Ndipo ulipokuja mkebe ule. Treni ilikuwa imechelewa, ukafika Jumapili yenyewe, watu wameshaketi. Juu yake paliandikwa kwamba ni filamu ya useremala. Bwana Ustawi alikuwa amekwenda kucheza gofu. Salim akaniuliza kama tumngoje, nikamjibu kwamba useremala una nini cha kungojewa.

Picha ikaanza, haina sauti. Mtu amebeba mlango mgongoni. Nikainua bomba nikasema huyu ni seremala, anampelekea mteja mlango. Watu wakaitikia, "Eee." Mtu akatembea, akatembea, nyika tupu, hakuna nyumba. Nikasema mteja wake anakaa mbali. Watu wakacheka, nami nikafurahi. Halafu yule mtu akautua mlango na kuusimamisha wima katikati ya majani, peke yake, bila ukuta. Akafuta viatu. Akabisha.

Mkono ukatoka kwa ndani ukamfungulia.

Nilikuwa tayari nimefungua mdomo niseme neno, likakwama. Nyuma ya mlango, mahali tulipoona majani kwa macho yetu, palikuwa na chumba. Meza, taa, na watu wameketi wamempa mgongo. Akaingia, hakuna aliyegeuka. Mwishowe mzee aliyeketi kichwani pa meza akageuza uso, na lo, alikuwa ni yeye mwenyewe, amezeeka. Nje mvua ilikuwa inanyesha kutoka ardhini kwenda mbinguni. Mtoto mmoja pale mezani akasimama, akaung'oa mlango, akajitwika mgongoni, akatoka. Mtoto naye alikuwa na uso ule ule. Picha ikaisha hapo.

Nilishtuka hata bomba likaniponyoka likalia sakafuni, na hakuna aliyegeuka kutazama. Salim alifunua blanketi moja, mwanga ukaingia, watu wakabaki wamekaa mdomo wazi. Wa kwanza kusema alikuwa Mama Njeri, mfua nguo, mwenye blanketi zito kuliko wote.

"Hao wa mezani ni wafu," alisema. "Mimi nimewaona wangu."

Kiprono, mpishi wa mzungu mmoja, akambishia kwamba aliyekufa ni yule mwenye mlango, ndiyo sababu hakuna aliyemgeukia. Mwingine akauliza, kama amekufa, mbona alifuta viatu? Kisha Salim, ambaye nilikuwa sijawahi kumsikia akitoa maoni hata juu ya chai, akasema polepole kutoka kwenye mashine yake kwamba labda hakuna aliyekufa. Labda hajazaliwa. Tukaguna ukumbi mzima. Wakanigeukia mimi, mwenye bomba, niwaamue. Nikasema sijui. Kiprono akanicheka, "Asiyejua maana haambiwi maana," na wakaendelea kubishana bila mimi.

Bwana Ustawi alipopita jioni, jua bado halijatua, aliwakuta watu wamesimama vikundi vikundi, kila mmoja anasema. Miaka ile mkutano wa namna hiyo ulimpeleka mtu pabaya. Alibadilika rangi. Akanipeleka kando akataka kujua filamu ile inafundisha nini. Nilipomjibu kwamba sijui, alishtuka kuliko nilivyoshtuka mimi.

"Mfasiri hapana jua?"

Kisha akatoa amri. Jumapili ijayo filamu itarudiwa, naye atakaa mbele. Maswali yametoka, lazima yarudishwe ndani. Nitasema kwamba filamu inafundisha hivi: asiyemaliza kazi yake ataibeba mgongoni maisha yake yote. Na watu wakiondoka na maswali tena, nimletee bomba, na ufunguo wa chumba juu yake.

Wiki ile sikula vizuri. Rahel hakuona shida iko wapi. "Sema vile amesema," aliniambia. "Kwani ni wewe ulitengeneza hiyo sinema?" Nikaona ana haki. Nikayakariri maneno ya Bwana Ustawi mpaka nikayasema usingizini.

Jumapili ilipofika, blanketi zilikuwa nyingi kuliko madirisha. Watu walikuwa wamezibeba ili tu wapate mahali. Bwana Ustawi aliketi safu ya kwanza, ubavuni mwa Mama Njeri, kofia magotini. Nikaanza. Filamu hii inafundisha kwamba asiyemaliza kazi yake ataibeba mgongoni. Hakuna aliyeitikia "Eee." Nikaendelea hivyo hivyo mpaka mlango ukasimama majanini na mtu akabisha. Mkono ulipotoka, nilishindwa tena. Nilikuwa nimeshaiona, nilijua kinachokuja, na bado nilitaka kuona tu. Nikaliteremsha bomba.

Picha ilikwenda kimya. Mzee wa mezani alipogeuza uso, nikasikia mtu anasema, si kwa sauti kubwa, lakini ukumbi ulivyotulia kila mtu alisikia.

"Mimi rudi kwa mama yangu baada ya vita. Yeye hapana jua mimi."

Alikuwa ni Bwana Ustawi. Nilipigwa na butwaa. Sote tulipigwa na butwaa. Hatukuwa tumewahi kumsikia mzungu akisema ana mama. Mama Njeri hakumtazama, alisema tu, "Pole, Bwana," kama ambavyo angemwambia jirani, na picha ikaendelea mpaka mwisho.

Asubuhi yake aliniita ofisini. Nilikwenda nikiwa na matumaini, nikidhani huenda ataniongeza cheo. Alikuwa amesimama dirishani, amenipa mgongo.

"Jana wewe nyamaza," akasema.

"Ndiyo, Bwana."

"Wewe nyamaza, kila mtu sema. Hata mimi."

Akanyoosha mkono bila kugeuka. Nikaweka bomba. Mkono haukurudi, ukabaki pale pale, nikaelewa, nikaweka na ufunguo.

Mkebe ulirudishwa Nairobi kwa treni ya siku ile ile. Mimi nilipata kazi kwenye ukumbi wa sinema mjini, Salim akanifundisha projekta, na huko ndiko nilikofanya kazi mpaka nikastaafu. Nimezungusha rili zisizohesabika, za mapenzi, za farasi, za Kihindi, na kila mkebe mpya nilioufungua nilitumaini ndio ule. Haukurudi. Sikusema tena neno juu ya picha ya mtu. Vijana huniuliza kama sikujuta, chumba kizuri namna ile. Nilijuta sana. Nilijuta kila bati lilipovuja.

Lakini siku ninayoikumbuka zaidi ni ile tuliyohama kwenda Bondeni, ambako mama yake Salim alitupa pa kulala. Rahel alikuwa amekasirika, na hasira yake ilikuwa ya haki. Alitembea mbele na mzigo kichwani, hanisemeshi. Nikaona heri nimwambie chote, nikamsimulia filamu nzima, toka nyika mpaka mvua. Tulipokaribia nyumba za kwanza akapunguza mwendo.

"Huo mkono uliofungua," akasema, "ulikuwa wa mwanamke ama wa mwanaume?"

Nikamwambia sikuangalia.

Akautua mzigo chini, katikati ya barabara, akanigeukia. Sijawahi kumwona mtu ameshtuka vile.

"Umeona mara mbili," akasema. "Tumefukuzwa kwa nyumba. Na hukuangalia mkono?"

Sasa tumezeeka wote wawili. Yuko hapo nje anachambua maharagwe, na juzi aliniuliza tena.