Nilimficha Maman Feza simu ya dada yake kwa ajili ya sombe

Msinionee huruma kabla hamjafika mwisho. Kosa ni langu, nililifanya nikiwa na akili zangu timamu, na hakuna aliyenisukuma. Nilimnyima mama wa watu sauti ya dada yake aliyekuwa anakufa. Na nilimnyima kwa sababu ya sufuria ya mboga!

Mimi ni Mtanzania, nimeolewa na Mkongo wa Lubumbashi, na tunaishi Brussels, upande wa Koekelberg. Ilikuwa mwaka 2006, mwezi ambao binti yetu alikuwa anapokea komunyo ya kwanza.

Ghorofa ya juu yetu aliishi mjane mmoja wa Likasi, mji wa huko huko upande wa Lubumbashi. Nitamwita Maman Feza, ingawa silo jina lake. Aliletwa na mpwa wake, kijana mwenye kazi za zamu ambaye alikuwa haonekani nyumbani. Maman hakuwa na simu, na Kifaransa chake kiliishia kwenye bonjour na majina ya siku. Kwa hiyo ndugu zake wa Likasi walipewa namba ya simu yetu ya mezani. Wakipiga, nilikuwa nagonga kwa mwiko mara tatu bomba la joto linalopanda hadi chumbani kwake, naye anashuka mbio na khanga begani.

Kila alasiri tulitembea pamoja. Tulipanda taratibu hadi kanisa kubwa la Basilika, tukazunguka bustani yake, tukarudi kwa njia ya nyumba zenye vibustani mbele. Maman alikuwa anakagua mboga za watu kama bwana shamba! Siku moja aliona bibi mmoja Mbelgiji anatupa majani mapana mekundu kwenye shina, akataka kuyaokota. Yule bibi akamkimbilia akitikisa kidole, kumbe majani yale ni sumu. Tulicheka mpaka tukakaa kwenye ngazi za watu.

Tulibishana majina ya vyakula njia nzima. Mimi nikisema ugali, yeye bukari. Mimi mchicha, yeye lengalenga. Mimi kisamvu, yeye sombe. Ananiambia, "Weye Mutanzania, unajua jina tu, kupika haujue!" Alikuwa anatania, lakini neno hilo lilikuwa linanichoma.

Maana ndilo walilokuwa wananisema mawifi zangu. Kwenye sherehe ya mwaka uliotangulia nilipika sombe mwenyewe, na sahani zikarudi jikoni zimejaa. Wifi mkubwa alisema mbele za watu, "Bon, tumekula na macho." Nililia chooni. Nikaapa kwamba kwenye komunyo ya mwanangu watakula mpaka walambe vidole.

Na Maman Feza alikubali kunipikia. Wageni sitini, Jumamosi. Mkono wa yule mama, jamani! Sombe yake ya karanga na mawese ilikuwa inanukia mpaka mlango wa nje.

Jumatano mchana simu ikalia. Alikuwa binti wa dada yake, kutoka Likasi.

"Tantine, uko na maman mudogo hapo? Mama yetu iko mubaya sana. Docteur anasema tujitayarishe. Anauliza tu mudogo yake. Anaomba asikie sauti yake, une minute tu."

Wakati ananiambia hivyo, nilikuwa nasikia miguu ya Maman ikitembea juu ya kichwa changu.

Nikamjibu, "Katoka kidogo. Akirudi nitamwambia."

Mwiko ulikuwa mkononi mwangu! Ningegonga tu. Lakini nilipiga hesabu ya haraka, hesabu ya shetani. Nikimwambia leo, atalia, atakaa chini, hatapika. Jumamosi mawifi watanicheka tena. Nikasema moyoni, siku tatu ni nini? Wagonjwa hulala mwezi mzima wakapona.

Halafu nikajifunika kwa desturi. Kwetu na kwao, habari nzito haimwagwi ovyo. Mtu analishwa kwanza, wakubwa wanakusanyika, ndipo anaambiwa akiwa amezungukwa na watu. Ni desturi nzuri, inaokoa watu. Lakini ni ya msiba, ndugu zangu! Na dada yake alikuwa hai. Alikuwa hai na anamwita.

Mume wangu aliuliza nani amepiga. Nikasema watu wa matangazo.

Alhamisi tukaenda kutembea kama kawaida. Sijui nilipata wapi uso wa kutembea naye. Siku hiyohiyo, katika siku zote, Maman akaanza hadithi za dada yake. Alisimulia jinsi yaya, ndivyo wanavyomwita dada mkubwa, alivyopika mara ya kwanza kwa mama mkwe, akatia chumvi mara mbili, na Feza mdogo akaitwa kwa siri aimalize sufuria nzima kabla wakwe hawajaonja.

"Tumbo ilivimba! Nilikunywa maji mpaka kesho yake! Yaya yangu hajue chumvi mpaka leo. Dimanche, Jumapili hii, nitanunua carte ya telefone, nitamupigia, nitamukumbusha ile mambo."

Akacheka mpaka akashika ukuta. Na mimi nikacheka. Ee Mungu wangu, nilicheka!

Ijumaa alishinda jikoni kwangu tangu asubuhi. Amejifunga kitenge kiunoni, anakoroga, anaonja, ananituma hiki na kile. Alasiri simu ikalia. Ilikuwa mezani, hatua tatu kutoka alipokuwa amesimama.

"Mama, telefone inalia."

"Iache Maman, ni wale wa matangazo."

"Banasumbua batu, bale!" akasema, akaendelea kukoroga.

Ililia muda mrefu. Ikanyamaza. Ikalia tena. Nilifungua bomba la maji nikajifanya naosha vyombo ili nisiisikie. Mpaka leo nikiosha vyombo naisikia.

Jumamosi asubuhi, tukiwa tunamvalisha binti gauni lake jeupe, yule binti wa Likasi alipiga tena. Safari hii hakuomba kuongea na mtu. Alisema tu, "Mama amekwenda jana usiku, tantine," akakata.

Na bado sikusema! Nilikwenda kanisani nikaimba. Wageni wakaja, wakala, wakaongeza. Wifi mkubwa alinishika mkono mbele ya wote akasema, "Leo, kweli, umetupikia." Nilimwonyesha Maman Feza aliyekaa pembeni na sahani yake ndogo, watu wakampigia makofi. Yeye akainua mikono kwa aibu, anacheka. Alikuwa tayari amefiwa, na chumba kizima ni mimi peke yangu niliyejua.

Jumapili nikawapigia wakubwa wa jumuiya, wakaja, wakamwambia kwa utaratibu wetu wote. Nilijipanga nyuma yao kama mtu mwema. Maman alilia kilio ambacho sitaki kukieleza. Alipopata pumzi aliuliza neno moja tu:

"Hakuniulizia?"

Wazee wakanitazama, kwa kuwa simu ni yangu. Nikasema sijui.

Lakini njia ya mwongo ni fupi. Wiki moja baadaye nilikuwa nimekwenda kumchukua mtoto shule, Maman yuko kwangu, simu ikalia. Akapokea mwenyewe. Alikuwa binti wa dada yake. Niliporudi nilimkuta amekaa kwenye kiti cha pembeni ya simu, mikono juu ya magoti. Hakupaza sauti. Afadhali angenipiga!

"Mutoto anasema alipiga mercredi. Akapiga tena vendredi. Anasema Yaya alikuwa anashika telefone mu mukono, anangojea."

Nikauweka chini mkoba wa mtoto.

"Jeudi, pale tulikuwa natembea, ulicheka na miye. Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua, Maman."

Akatikisa kichwa mara moja, akapanda juu kwake. Mwisho wa mwezi mpwa wake alimhamishia Evere, upande mwingine wa jiji. Habari ilienea, kama ilivyostahili. Mume wangu alikaa muda mrefu akinisemesha mambo ya lazima tu. Na binti yangu alikuja kuisikia kutoka kwa watoto wenzake, akaniuliza, "Mama, ni kwa sababu ya sherehe yangu?" Mjibuni nyinyi!

Baada ya miezi kadhaa nilipanda basi hadi Evere. Nilipiga magoti mlangoni kwake. Aliniinua, akaniketisha, akaleta maji ya kunawa, akaweka bukari na samaki mbele yangu, akasema, "Kula kwanza." Nilikula nikilia, kila tonge nasukumia machozi. Nilipomaliza akaniambia:

"Nimekusamehe, mutoto yangu. Mungu iko. Lakini kutembea na weye, hapana. Nikitembea na weye nitakuwa naangalia mudomo yako tu, nitajiuliza unaficha nini."

Hakuniita tena, nami sikuthubutu kwenda tena. Siku hizi napanda mpaka Basilika peke yangu. Nikiona kibustani kizuri hugeuka kumwonyesha mtu, na hakuna mtu.

Hivi karibuni nilimuuliza mume wangu kama anakumbuka tulikula nini siku ya komunyo. Akafikiri sana. Akasema, "Kuku?"

Kuku! Hata kuku hatukupika!

Nyinyi mnaopokea simu za watu, ujumbe wa mtu si wenu, msiupangie siku. Msiseme ale kwanza, sherehe ipite kwanza, nitafute maneno kwanza. Anayekufa hana ratiba yenu. Wewe unayesoma hapa, kama umekalia habari ya mwenzako, inuka sasa hivi ukampe. Mboga na iungue!