Nilinunua Shofubalo Kubwa, Nikamtwisha Shemeji Moshi

Kosa ni langu. Nalisema mapema, maana nikianza kwingine nitajipamba, na kujipamba ndiko kulikonifikisha hapa.

Mimi ni mwalimu wa kemia katika lise moja, shule ya sekondari, ya Rumonge, Burundi. Msiulize ipi. Wanaonijua watanijua, na wasionijua wana bahati.

Kwa miaka mingi maabara yetu ilichemsha kila kitu juu ya mbabula ya makaa. Wanafunzi wakikohoa, mimi nikifuta macho, tunaita sayansi. Wazazi wakatuonea huruma, wakachanga ili tununue shofubalo. Madamu Direktrisi, mkuu wetu wa shule, akasimama mbele ya walimu wote akasema, "Mwalimu wa kemia ndiye atachagua. Yeye ndiye anajua."

Ni kweli, nilijua. Hilo ndilo linaloniuma.

Shofubalo, kwa ambaye hajawahi kuiona, ni kifaa cha umeme cha kuchemshia. Katikati kina shimo la duara lililofumwa kwa nyuzi za kioo, na waya wa moto unapita ndani ya zile nyuzi. Chupa ya duara, tunaiita balo, inakaa humo kama yai kwenye kiota. Sharti lake ni moja ambalo hata mtu aliyelala darasani analikumbuka: shimo na balo vilingane. Balo ikiwa ndogo inapwaya, moto unakosa pa kwenda, na pale pasipogusana na chupa panawaka kupita kiasi. Kila mwaka nilikuwa nikiliandika ubaoni na kulipigia mstari.

Basi nikaenda Bujumbura, mwalimu mzima, na mstari wangu kichwani.

Muuza duka alikuwa mtu mpole. Akaniuliza, "Madamu, balo zenu ni za kiasi gani?"

"Nusu lita."

"Basi chukua hii ndogo. Iko na kidude cha kupunguza na kuongeza moto. Ni imara, haisumbui."

Niliiangalia. Ilikuwa ya kijivu, fupi, haina hata taa. Rafiki yangu niliyesoma naye, ambaye anafundisha shule nyingine, alikuwa amenunua kama hiyo hiyo na kuweka picha yake kwenye grupu letu la WhatsApp, na watu wakampigia makofi ya vidole siku nzima. Nikajiona nikiweka picha ya kitu kile kile. Nikajionea huruma.

"Na ile pale juu?"

"Ile ni ya lita mbili. Iko na ekra, inaonyesha namba. Mna balo ya lita mbili?"

"Tutanunua," nikasema, kama mtu mwenye kiwanda.

Akainua mabega. "Sawa Madamu. Mimi nauza tu."

Hivyo ndivyo nilivyochagua kifaa cha maabara: kama mtu anavyochagua kochi la sebuleni, kwa kuangalia litakavyoonekana mgeni akiingia. Nilirudi nayo mapajani njia nzima. Tulipofika Gitaza, mama mmoja aliyepanda na ndoo yake ya ndagala akaniuliza kama ile ni sufuria ya kupikia bugali. Nikamjibu kwa Kifaransa. Mama wa watu alikuwa anataka mazungumzo tu.

Sasa niwajulishe Ramazani. Ramazani alikuwa mwalimu wa fizikia hapo hapo shuleni, na jioni alikuwa fundi wa umeme. Nusu ya maduka ya sokoni Rumonge yalikuwa yanawaka taa kwa mikono yake. Alikuwa pia mchumba wa mdogo wangu Zainabu. Posa imepokelewa, wazee wamekaa, kilichobaki ni siku. Shuleni ananiita mwalimu, nyumbani ananiita shemeji.

Shofubalo ilipofika yeye ndiye aliyeweka prizi mpya ya kuchomekea waya ukutani, bure, siku yake ya mapumziko. Alipomaliza akaitazama kwa muda.

"Shemeji, hii ni kubwa kweli. Balo yake iko wapi?"

"Inakuja," nikasema.

Hakuna kilichokuwa kinakuja. Kilichokuja ni siku ya wazazi.

Nilikuwa nimeahidi kuwaonyesha jinsi tunavyotoa mafuta ya mchaichai kwa mvuke. Asubuhi nikaweka balo yetu ya nusu lita ndani ya lile shimo. Ikazama, ikalala upande kama mlevi. Mtu mwenye akili angewasha mbabula na kuomba radhi. Mimi nilichana kipande cha kitenge cha zamani, nikakizungusha pembeni ya chupa mpaka ikasimama wima. Ikapendeza. Nikaipiga picha, nikaituma kwenye grupu.

Wazazi wakajaa. Baba yangu naye alikuwepo, mfanyabiashara wa mawese, kavaa kofia yake nzuri, kakaa mstari wa mbele. Namba kwenye ekra zikapanda, watu wakazisoma kwa sauti, nami nikatabasamu kama niliyezizaa. Lakini maji hayakuchemka. Yangechemkaje, wakati moto wote unaishia kwenye kitenge? Nikaona watu wameanza kupiga miayo. Nikaongeza moto mpaka mwisho.

Kwanza ilikuja harufu. Mama mmoja akasema, "Kuko kitu kinaungua," na mimi, mwalimu wa kemia, nikamjibu kwamba ndiyo harufu ya mchaichai.

Kisha balo ikapasuka. Maji yakamwagika juu ya nyaya, ikapiga cheche, umeme wa jengo zima ukakatika. Kitenge kikawaka, moto ukaruka ukashika pazia. Watu wakakimbilia mlangoni, viti vinaanguka. Mimi nilikuwa nimesimama. Nawaambia ukweli, nilisimama kama ubao.

Ramazani ndiye aliyepita katikati ya watu. Alichomoa waya, akang'oa pazia akalikanyaga, kisha akalichukua lile lishofubalo linalowaka kwa mikono mitupu akatoka nalo mbio mpaka uani, akalitupa kwenye mchanga. Aliporudi viganja vyake vilikuwa vimebadilika rangi. Aliniuliza, "Shemeji, umeumia?"

Sikuwa nimeumia popote.

Madamu Direktrisi alikuja akihema. Mbele ya wazazi, mbele ya baba yangu, akauliza, "Mwalimu, imekuwaje?"

Nilikuwa na nafasi nzuri. Kila mtu alikuwa ananingoja. Nikasema, "Ni prizi, Madamu. Ile prizi imewekwa juzi juzi."

Angalieni ustaarabu wangu. Sikutaja jina la mtu. Mimi ni mtu wa heshima, siwezi kumsema shemeji yangu hadharani. Nilitaja prizi tu, na Rumonge nzima ikajua nani kaiweka.

Yeye hakusikia. Walikuwa wanampeleka hospitali.

Maneno ya mji wetu hayahitaji gari. Kabla ya wiki kwisha, sokoni wanasema fundi aliyeunguza lise. Mwenye duka la nguo akamwita fundi mwingine aje kukagua nyaya. Mwenye saluni akafuata. Na mtu mwenyewe mikono imefungwa bendeji, hata kama angeitwa asingeweza kushika bisibisi.

Alikuja kwangu mchana mmoja na mtoto wa kaka yake aliyemfungulia geti. Akamwambia yule mtoto acheze nje. Hakutaka chai.

"Shemeji, nimeifungua ile prizi. Mwenzangu amenisaidia kushika. Nyaya ziko nzima kabisa."

Nikajimiminia chai mwenyewe.

"Halafu nimeenda uani kutazama shofubalo. Ndani nimekuta kitambaa."

"Umemwambia nani?"

"Hakuna. Mimi nikisema, watasema natafuta kujiosha. Ukisema weye, imekwisha."

"Nitasema, Ramazani. Nitasema Jumatatu kwenye mkutano wa walimu."

"Murakoze, shemeji," akasema. Alinishukuru. Mtu nimemuunguza mikono na jina, ananishukuru.

Jumatatu mkutano ulikuwa na mambo mengi. Ratiba, vyoo, sare. Nisingependa kuwachelewesha wenzangu na habari zangu binafsi. Jumatatu iliyofuata nilikuwa na mafua.

Wakati mafua yangu yanaendelea, baba akavunja uchumba. Alituita sebuleni kwake, akaongea bila kupandisha sauti, jambo ambalo kwake ni baya zaidi. "Nyumba yangu na stoo yangu vimejaa mawese. Siwezi kuchukua mkwe wa cheche. Nimeona kwa macho yangu."

Zainabu akasema, "Baba, yeye ndiye aliuzima moto."

"Aliuzima kwa sababu aliuwasha."

Akanigeukia mimi. "Mwalimu, wewe ndiye mwenye elimu hiyo. Nasema uongo?"

Mdogo wangu akanitazama. Alikuwa ananiomba kwa macho, nami nilijua anachoomba. Nikasema, "Mambo ya umeme ni hatari, baba."

Ni sentensi ya kweli. Mtu yeyote wa kemia ataithibitisha.

Zainabu alilia mpaka sauti ikaisha. Nani alimshika? Mimi. Nilimpikia uji, nilimkanda mgongo, nikamwambia Mungu ana mipango yake, atampata mwingine. Nilifanya kazi nzuri sana ya kuwa dada mkubwa.

Ramazani hakurudi kunikumbusha. Aliomba kuhama, akaondoka kwenda kufundisha Uvira, ng'ambo ya ziwa, kwa mjomba wake. Siku ya kuondoka alipita shuleni kuaga walimu. Alinipa mkono kama alivyowapa wengine. Kiganja kilikuwa kimekaza, vidole havikunjiki vizuri. Akasema "Amahoro, mwalimu," na hakusema shemeji.

Huo mkono ndio ulionishinda. Nilienda kwa Madamu Direktrisi siku ile ile nikamweleza yote, kitenge na ekra na uongo. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kwa nini nimemletea habari hizo baada ya Ramazani kupanda gari. Akawatangazia walimu na wazazi, na akaninyang'anya ufunguo wa maabara. Alifanya haki. Sasa nafundisha kemia kwa chaki, nachora balo ubaoni, na wanafunzi wananong'ona.

Jioni nikaenda nyumbani kwa baba. Nilimwambia baba mbele ya Zainabu. Baba alivua kofia, akaiweka gotini, akakaa anaitazama. Alimpigia simu mjomba wa Uvira kuomba radhi. Ramazani mwenyewe akaichukua simu. Alisema amenisamehe, na kwamba hana kinyongo na mtu yeyote wa nyumba ile. Baba akamwambia arudi, mlango uko wazi. Akajibu, "Baba, mlinitazama nikibeba moto kwa mikono, mkaamini nimeuleta mimi. Siwezi kuwa mkwe hapo."

Zainabu aliyasikia yote, simu ilikuwa na sauti kubwa. Hakulia. Aliniuliza swali moja tu.

"Yaya, dada yangu mkubwa, ulipokuwa unanishika wakati nalia, ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

Akainuka akaenda chumbani kufunga nguo zake. Siku hizi anakaa kwa shangazi Nyanza-Lac, anauza mawese, na biashara inakwenda vizuri, nasikia. Nasikia kwa watu. Mimi nikipiga, simu inaita mpaka inachoka.

Nanyi walimu na wakubwa wa maabara mnaosoma hapa, nawapa mashauri yangu bila malipo, maana sina tena mahali pengine pa kuyatoa. Mkienda kununua shofubalo, ulizeni balo zenu kwanza, si grupu lenu la WhatsApp. Chukueni inayolingana na chupa mliyo nayo leo, si ile mtakayonunua siku mkitajirika. Hakikisheni moto wake unapungua. Msiiwashe ikiwa tupu wala msiipambe kwa vitambaa. Ya kijivu inatosha. Maji hayana habari na ekra.

Lakini kifaa ni jambo dogo, kinanunuliwa kingine. Siku kitu kitakapokuungulia mikononi, utaulizwa imekuwaje, na utakuwa na nafasi fupi sana ya kusema "ni mimi". Sema hapo hapo, hata kama baba yako amekaa mstari wa mbele. Mimi niliingoja Jumatatu nzuri zaidi. Ukweli nimeusema wote, kila mtu ameusikia, na wale wawili niliowadhulumu, Ramazani na Zainabu, wamekwisha ondoka.