Nyumba ya Ghorofani Isiyo na pa Kufunga Ng'ombe

Nakumbuka mwaka ule wa viazi. Upepo ulikuwa umelaza migomba bondeni kote, ndizi tukawa tunaziona ndotoni, na Tukuyu nzima ikala viazi vya Isongole: asubuhi vya kuchemsha, mchana vya kuchemsha, jioni tunavipondaponda na maharage ili tujidanganye kuwa ni chakula kingine. Watu wa umri wangu ukiwatajia mwaka wa viazi hawakuulizi tarehe. Wanashika tumbo na kucheka.

Mwaka huohuo mimi na mume wangu Ambakisye, Mungu amlaze pema, tulihamia juu ya maduka, katikati ya mji. Ni nyumba hiihii ninayokaa leo, mwanangu, kwa hiyo sikusimulii habari za kusikia. Chini ni fremu za maduka. Juu ni chumba kimoja kirefu kama ukumbi wa harusi, sakafu ya mbao, madirisha marefu kuliko mtu, na dari iko mbali hata buibui wa huko simfikii kwa ufagio. Mwishoni kuna jiko limetengwa kwa mbao. Ngazi ni moja tu, iko nyuma, uani.

Nyumba ilikuwa ya mfanyabiashara mzee aliyekuwa anarudi kwa watoto wake mbali. Alitaka bei ndogo kwa sababu hakuna Mnyakyusa aliyeitaka. Nyumba bila migomba ni nyumba gani? Mtoto atacheza wapi? Ng'ombe utamfunga wapi, kwenye dirisha? Wenzangu nilioolewa nao msimu mmoja walikuwa wakinipitia sokoni wakisema, "Mwe! Mama ghorofa, umeshuka lini kutoka mbinguni?" Mimi nikawajibu, "Nimeshuka kuwaangalia wenye tope miguuni." Usinifundishe kutaniwa, mimi nilizaliwa na ulimi wangu.

Lakini Ambakisye utani ulimchoma. Alikuwa fundi cherehani, mpole, anakaa barazani chini ya nyumba yetu anashona, na kila anayepita anamtupia neno. Tulikuwa tumepewa nafasi ya kukaa tukiwa tunatafuta njia ya kuilipia nyumba. Siku moja akaniambia ameamua: tunaachana na nyumba hii, tunarudi kijijini, cherehani ataibeba. Nikamwuliza, "Kijijini utawashonea nani, kuku?" Kumbe alikuwa amekwisha kumtumia baba yake salamu kwamba tunarudi.

Basi baba mkwe akaja mwenyewe kuona nyumba inayomfukuza mwanawe.

Hapa nikueleze kitu, maana ninyi vijana siku hizi mnakula na wakwe meza moja mnagombania paja la kuku. Zamani kwetu, mke hakuangaliana na baba mkwe. Jina lake hulitaji. Ukimwona njiani unaacha njia, unaingia kwenye migomba, unakaa kimya mpaka apite. Haikuwa chuki. Ilikuwa heshima, na mwanamke aliyeshindwa heshima hiyo alirudishwa kwao na wimbo akatungiwa.

Sasa nifikirie mimi. Niko jikoni, viazi motoni, mtoto mgongoni. Nasikia mtu anakohoa chini ya ngazi. Kikohozi kile nilikijua: mzee anatoa taarifa ili nijiondoe. Nijiondoe niende wapi? Ngazi ni moja na yeye yuko juu yake! Mgomba hakuna hata wa dawa. Nikavuta mlango wa jiko, nikakaa ndani kama panya ghalani. Nikasikia viatu vyake vinaingia ukumbini, Ambakisye anavuta kiti, wanaamkiana kwa Kinyakyusa taratibu, "Ugonile," "Ugonile, mwanangu." Kati yangu na baba mkwe ni mbao tu.

Na mgeni lazima ale. Nyumba ambayo baba mkwe ametoka bila kula, hiyo imekwisha. Nimpelekee vipi na mlango ni mmoja na yeye ameukabili?

Nikachungulia dirisha la jikoni. Uani alikuwa Mama Bupe, jirani yetu, anakaanga maandazi. Nikamwita kwa mnong'ono mpaka koo likauma.

"We Mama Bupe! Baba mkwe yuko ndani!"

"Haa! Na wewe uko ndani?"

"Niko jikoni. Pokea chakula."

"Nipokee wapi, mimi nina mabawa?"

Nikafunga sufuria ndani ya kanga, nikafungia kamba ya kuanikia nguo, nikaishusha dirishani polepole, mtoto mgongoni ananisaidia kwa kulia. Mama Bupe akaipokea chini, akazunguka, akapanda ngazi anahema, akaingia ukumbini akapiga goti, akamwekea mzee viazi vyangu vinatoa moshi. Kisha akashuka, nikamshushia na maji ya kunawa kwenye birika, akapanda tena.

Mzee akala. Nilimsikia anatafuna. Nilisikia pia Ambakisye, mume wangu kipenzi, akianza kunivunjia nyumba.

"Baba, utuwie radhi. Hapa si nyumba. Hakuna uwanja, hakuna mgomba, hata pa kufunga ng'ombe hakuna. Ndiyo maana nimeamua turudi."

Mzee akanawa mikono. Halafu akauliza, "Huyu mama anayepanda na kushuka, chakula anakitoa wapi, na jiko nalinusa liko hapa nyuma ya mbao?"

Mama Bupe, mdomo wake haukuwa na kufuli, akasema kutoka mlangoni, "Kimepita dirishani, baba. Kwa kamba."

Mwanangu, mzee yule alicheka. Alicheka mpaka mbao za jiko zikatetemeka begani kwangu. Alipomaliza akasema kwa sauti kubwa, akimwambia mwanawe, lakini mimi nilijua maneno yanapita juu ya mbao kunifuata.

"Ambakisye, nani amekufundisha kuitukana nyumba mbele ya mke anayeipikia? Mimi nimekuja kwa miguu miwili. Nimepata kiti, nimekula, nimeshiba, na heshima yangu haikuguswa. Mwanamke aliyeona njia hapa pasipo njia, unataka kumhamisha kwa sababu ya ng'ombe? Ng'ombe ndiye anayeshona? Wateja wako wanakuja kwa nani, kwako au kwa ng'ombe? Mnyama akikosa pa kulala, mrudishe kijijini. Usimhamishe mtu kwa ajili ya mnyama."

Aliondoka kabla jua halijainama. Baada ya muda akauza dume lake, yule ng'ombe hasa aliyetaka kutupa tukakosa pa kumfunga, akatusaidia kuilipia nyumba. Watoto wangu wote wamekulia juu ya ngazi hii, hakuna aliyeanguka ila mmoja, na huyo aliteleza kwa ganda la parachichi alilolitupa mwenyewe.

Huyo mmoja ndiye Lusajo, mwanangu wa kwanza. Sasa ni mtu mzima, anakaa Mbeya, ana gari kubwa jeusi la kupandia kwa kujivuta. Krismasi iliyopita alikuja kunisalimu. Mvua ilikuwa inanyesha, wewe unaijua mvua yetu, haiulizi mwezi. Kutoka dirishani nikamwona anazunguka mji na gari lake kama kuku anayetafuta pa kutagia. Akisimama hapa, vijana wa bodaboda wanampigia kelele, "Bosi, hapo mlangoni kwa watu!" Akisogea kule, fuso la viazi linamlia honi. Mwisho akaliacha mbali, akaja kwa miguu, amelowa, suruali imemgandia.

Alipofika juu hakunisalimu vizuri. Akasema, "Mama, imetosha. Hakuna pakingi."

"Kaa kwanza ule."

"Nimekujengea nyumba Ibighi, unajua. Geti, uwanja wa saruji, magari mawili yanageuka. Fundi amemaliza. Hapa nimepata mtu wa kununua, anataka kufanya stoo. Keshokutwa anakuja kuangalia."

Mtu amelala nyumbani kwake, kumbe mwanawe amekwisha kumwitia mnunuzi. Nikamwuliza huko Ibighi soko liko hatua ngapi, kanisa liko wapi, nikiugua nani atanisikia nikiita. Akasema atanitafutia binti wa kazi. Akataja magoti yangu. Nikamwambia magoti haya yanapanda ngazi kila siku ndiyo maana bado yanakunja. Wenzangu waliojengewa nyumba za chini wamekaa kwenye sofa mpaka miguu imesahau kazi.

Akanitolea la mwisho. "Mama, siku Mungu akikuita, watu watakusanyika wapi? Hapa kwenye ngazi?"

"Baba yako amelala kijijini kwa babu yako, na pembeni yake pangu papo. Mtanipeleka. Maiti haitafuti pakingi."

Akataka kucheka akajizuia, amerithi hiyo kwa baba yake. Akasema tena kwa upole, na upole wa mtoto ndio unaovunja wazee, "Mama, nihurumie. Nahangaika kila nikija."

Yeye anakuja mara mbili kwa mwaka. Mimi naishi hapa siku zote. Nikasimama, nikamwambia, "Sihami. Gari lako halikunizaa, halitanizika, na halitanichagulia nyumba."

Mnunuzi alikuja hiyo keshokutwa. Nilimpa chai, nikamwonyesha madirisha, nikamwonyesha mlima Rungwe ulivyojaa ndani yake, kisha nikamwonyesha ngazi ya kushukia.

Sasa wewe unayesoma. Nasikia vijana mnaoanza maisha mnapewa nyumba nzuri za zamani katikati ya mji, bei mnaiweza, kuta nene, kazi iko mlangoni, mnazikataa kwa sababu hazina pa kuegesha gari. Na gari lenyewe hamna! Mnapanga mbali, mnatoka gizani, mnarudi gizani, mmelitunzia uwanja gari ambalo halijazaliwa. Mimi niliishia darasa la nne, lakini hili nalijua: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Na ukishaingia usiulize tu pa kuweka mali. Uliza nitaamka nifike wapi kwa miguu yangu, nani atanijua kwa jina, nikikwama nani atapokea sufuria dirishani. Ukiwa na mzazi, usimhamishe ili wewe upate pa kusimama. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Mungu akupe nyumba unayoimudu, jirani mwenye masikio, na magoti ya kupanda. Akupe watoto wanaokuja hata kukinyesha. Ndaga, asante kwa kunisikiliza.

Jana Lusajo amenipigia simu. Ameuliza kama nimefikiria vizuri. Nimefikiria vizuri sana, na nimemjibu kabla hajamaliza:

"Sihami. Gari lako halikunizaa, halitanizika, na halitanichagulia nyumba."